Wastani wa 3.62

"Kwa hiyo wewe ukisema ndiyo, inakuwa kweli?"

Binti yangu ndiye aliyeuliza, jana usiku, akiichungulia makala niliyoitandaza mezani na kalamu nyekundu juu yake. Nilikuwa nimemweleza kazi yenyewe juujuu: mtafiti hutuma makala kwenye jarida, mhariri naye huwapelekea wataalamu wawili au watatu wa fani ileile waihakiki, kisha waseme ichapishwe, irekebishwe au ikataliwe. Malipo hakuna, na mara nyingi mwandishi hatajua ni nani waliomsoma.

"Hapana, mwanangu. Inakuwa imesomwa tu."

Akaenda kulala. Mimi nikabaki na ile 3.62 yangu.

Namba hiyo ilitoka kwenye makala nyingine, niliyoihakiki zamani. Nilipewa siku 14. Niliisoma jioni tatu, tena kwa bidii kwelikweli. Nilichambua utangulizi sentensi kwa sentensi, nikadai marejeo yaliyosahaulika (moja lilikuwa langu mwenyewe, naona haya kusema), nikaomba mchoro wa 1 uonyeshe mtawanyiko wa data. Jedwali la 2 nililipitisha macho tu. Washiriki 28 katika kila kundi, swali moja, majibu kuanzia 1 hadi 5, wastani, mkengeuko sanifu, thamani ya p. Tarakimu zilikuwa zimejipanga safu moja kama askari wa gwaride, na gwaride likinyooka nani anahesabu vifungo? Kwenye fomu nikaweka alama penye "marekebisho madogo". Mhakiki wa pili, ambaye simjui hadi leo, alikubaliana nami. Ikachapishwa.

Mwaka 2016 Nick Brown na James Heathers walitoa kipimo walichokiita GRIM. Ni hesabu ambayo mtoto wa shule angeiweza. Kama kila mtu amejibu kwa namba kamili, jumla ya majibu lazima iwe namba kamili. Kwa hiyo zidisha wastani kwa idadi ya watu, chukua namba kamili zilizo jirani na jibu, moja chini na moja juu, gawanya tena kwa idadi ileile, kisha uone kama wastani ulioandikwa unarudi. Kwenye makala 71 zilizopimika kwa njia hiyo, takriban nusu zilikuwa na walau wastani mmoja usiowezekana. (Kipimo hiki hakifui dafu watu wakizidi 100, kwa desimali mbili, maana hapo karibu kila wastani unawezekana.)

Niliposoma habari hiyo, niliamua kujaribu kwa makala ile ya zamani, niliyoikumbuka kuwa safi. Kwenye jedwali la 2, wastani mmoja ulikuwa 3.62.

28 mara 3.62. Kikokotoo kikatoa 101.36. Haya, 101 gawanya kwa 28: 3.607, yaani 3.61. Halafu 102 gawanya kwa 28: 3.643, yaani 3.64. Nikarudia, nikidhani nimebonyeza vibaya. 3.61. 3.64. Baina yake hapana kitu. Watu 28 wanaojibu kwa namba kamili hawawezi kutoa 3.62, hata wakishauriana. Nilikitazama kile kioo kidogo mpaka kikazima chenyewe, nikakiwasha, nikafanya kwa 27: haikuingia. Nikafanya kwa 26. Jumla ya 94 gawanya kwa 26: 3.615. Yaani 3.62.

Hapo ndipo nilipochoka zaidi. Inawezekana watu wawili waliondolewa na mwandishi akasahau kubadilisha idadi. Inawezekana waliondolewa kwa sababu walikuwa wanaharibu matokeo. Inawezekana kidole kiliteleza tu kwenye kibodi. Jedwali halisemi, na data ghafi sikuwahi kuziomba. Kwenye fomu hakukuwa na sehemu ya kuziombea, lakini hilo ni kama mlinzi kusema hakuambiwa mlango wa nyuma nao ni mlango.

Nilimwandikia mhariri. Akawaandikia waandishi. Jibu likaja baada ya miezi: kompyuta yenye data iliharibika. Makala bado ipo ilipo.

Zamani nilijifariji kwa jaribio la Fiona Godlee na wenzake wa jarida la BMJ, lililochapishwa mwaka 1998. Walichukua makala, wakaipachika dosari 8 kwa makusudi, wakaituma kwa wahakiki 420. Waliorudisha maoni walikuwa 221, na kwa wastani kila mmoja aliona dosari 2. Kumbe tuko wengi. Lakini faraja hiyo huniponyoka kila nikimkumbuka mhakiki wa makala yangu ya kwanza, aliyeuliza kwa mstari mmoja: "Hawa ni watu 90, au ni watu 30 waliopimwa mara 3?" Walikuwa 30. Nilinuna siku mbili, kama Einstein alivyonuna mwaka 1936 mhariri wa jarida la Physical Review alipothubutu kumpelekea makala yake mhakiki. Aliiondoa kwa hasira, akaichapisha kwingine mwaka uliofuata, hitimisho likiwa limegeuka, kwa kuwa kosa lilikuwepo kweli. Langu nami lilikuwepo. Nilipofanya hesabu upya, nusu ya matokeo yangu yaliyeyuka, na mtu yule alinitendea wema ambao mpaka leo sijui nimshukuru nani.

Jana, binti alipokwisha kulala, nilianza na majedwali kabla ya kugusa utangulizi. Washiriki 31, wastani 3.84. Nikazidisha: 119.04. Nikagawanya 119 kwa 31, ikarudi 3.84. Sawasawa. Nikaendelea kulikodolea macho jedwali lile kwa muda, bila kujua natafuta nini tena.