Mbio za nyika za vijana: mtazameni mtu wa nne
Jamani, Mbio za Nyika za Dunia zikifika, kwenye kilomita 8 za wanaume chini ya miaka 20 msiishie kumshangilia anayeongoza. Timu huwa na wakimbiaji hadi sita, wanne wa kwanza ndio wanaohesabiwa: nafasi zao zinajumlishwa, jumla ndogo inashinda. Ukishika 1, 2, 3 na 4 una pointi 10, hakuna wa kukupita. Timu zikilingana, anaangaliwa yule wa nne. Ndiyo maana naumia nikiona kijana anaachia nafasi mbili mita za mwisho akidhani kazi imeisha.

Wengi huharibikiwa mapema. Mstari wa kuanzia ni mpana, kisha njia inabana. Ukichelewa unafungiwa nyuma, ukifyatuka kama wa mita 400 miguu inakuwa mizito kabla ya nusu. Na joto je? Mombasa 2007, Asbel Kiprop aliposhinda mbio hizi, hata bingwa wa Ethiopia Kenenisa Bekele aliacha njiani mbio za wakubwa.

Viatu: misumari ya milimita 6 hadi 9 kwenye nyasi kavu, 12 hadi 15 kwenye tope. Ikazeni usiku wa kuamkia mbio, iliyolegea hung'oka topeni.