297 kwenye ruti

Wiki nzima imetuponyoka kwa sababu ya alama yenye upana wa robo milimita.

Tulikuwa tunathibitisha utaratibu wa kulehemu bomba la chuma cha pua cha dupleksi, aina iitwayo 2205. Welda alifanya kazi safi, na joto kati ya pasi, yaani kati ya tabaka moja la weldi na jingine, halikuvuka nyuzi 150. Sampuli ikakatwa, ikasuguliwa hadi ikang'aa, ikawekwa kwenye mashine ya Vickers, inayopima ugumu. Ncha ya almasi hushuka na mzigo wa kilo 10, hutulia kidogo, huinuka. Ukiangalia kwa hadubini unaona mraba mdogo, nawe unapima mishazari yake miwili upate namba ya ugumu, HV. Kwenye ruti, yaani mzizi wa weldi, pasi ya kwanza upande wa ndani wa bomba, milimita 1.5 kutoka uso wa ndani, tukapata 297 HV. Maabara ikaandika: imefeli.

Imefeli kwa kipimo kipi? Mteja alitaka ugumu usizidi 28 HRC, yaani kwa kipimo kingine cha ugumu, Rockwell. Maabara ikafungua jedwali la kubadilishia vipimo vya vyuma vya kawaida, ikakuta 286 HV, ikaishia hapo. Jedwali lile halikutengenezwa kwa dupleksi! Chuma hiki ni karibu nusu feraiti na nusu ostenaiti, aina mbili za fuwele za chuma, na ostenaiti huzidi kukaza kadiri inavyobonyezwa. 28 HRC yake huangukia juu ya 286 HV. Isitoshe, bamba lenyewe la 2205, kabla halijaguswa na moto, kiwango cha ASTM A240 kinaliruhusu kufika 31 HRC.

Kupima Rockwell moja kwa moja pale kwenye weldi nako hakusaidii. Alama yake ni kubwa, na ukanda ulioathiriwa na joto ni mwembamba mno.

Sidharau kipimo cha ugumu. Ruti hupashwa na kuvutwa na kila pasi inayofuata juu yake, kwa hiyo hukaza, na ndiyo inayogusana na kimiminika ndani ya bomba. Penye salfaidi ya haidrojeni, haidrojeni hupenya kwenye chuma kigumu na kukipasua. Ndiyo maana tunapima pale pale.

Kinachoniuma ni watu kuiona namba ya ugumu wakadhani wamemaliza. Chuma kikikawia kwenye joto la nyuzi 850 hivi, sigma, fuwele ngumu na tete, huanza kuota ndani yake. Sigma kidogo tu hukifanya chuma kivunjike kwa kishindo, na Vickers isitikisike. Nimewahi kushika sampuli iliyopita ugumu kila mahali, halafu kwenye Charpy, jaribio la kugonga sampuli kwa nyundo, nyuzi 40 chini ya sifuri, ikakatika kwa jouli 20, wakati ASTM A923 inadai 34 kwa weldi. Nyuso za mpasuko zilikuwa bapa, hazijavutika hata kidogo. Ndiyo maana siweki sahihi kabla sijaona hesabu ya feraiti, Charpy na jaribio la kutu la kloridi ya chuma.

Sampuli hii ya sasa Charpy yake ilikuwa nzuri, feraiti nayo sawa. Baada ya barua tatu mteja amekubali kikomo kiandikwe kwa HV10, yaani Vickers kwa mzigo wa kilo 10, bila jedwali. Bomba la pili linaanza kulehemiwa Jumatatu.