Mizani ya Getini Machame

Somo: Luka 12:13–21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mdogo wangu ni mgumu. Kwa mlio mbali na Moshi: wagumu ndio wanaowabebea mizigo wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Kazi yao inaanzia kwenye mizani. Pale geti la Machame mzigo wa kila mgumu unapimwa, usizidi kilo 20. Ukizidi unashushwa, na mara nyingine begi la mgeni linafunguliwa palepale mbele za watu ili ijulikane kipi kinakwenda na kipi kinabaki.

Anasema hapo ndipo anapomjua mgeni wake. Wapo wanaotoa jozi ya tatu ya viatu huku wanacheka. Wapo wanaokaa nusu saa na kitu mkononi kama wanaaga maiti. Aliponisimulia habari za mama mmoja aliyekaribia kulia kwa ajili ya kikaushia nywele, nilicheka mpaka nikashika mbavu, maana huko juu atakichomeka wapi? Na usiku ule wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni, hata vile vilivyopita kwenye mizani vinaachwa hemani. Mtu anaziendea mita 5,895 na maji, tochi na nguo alizovaa.

Mwezi uliopita tukahama kutoka Majengo kwenda Pasua, na kicheko changu kikanirudia.

Tulipooana tuliingia Majengo na mkokoteni mmoja tu. Kitanda, godoro, jiko la mkaa, ndoo mbili, na kreti la soda ambalo ndilo lilikuwa kiti cha mgeni. Safari hii kirikuu kimekwenda mara nne. Mara ya tatu dereva akaniuliza, "Mama, hapa mnaishi au mna duka?" Sikumjibu. Nilikuwa nimelikumbatia sanduku la sare.

Akina mama wenzangu mnalijua sanduku hilo. Sare ya harusi ya binamu, sare ya kipaimara, sare ya jubilei ya kwaya, sare ya arobaini ya marehemu baba mkwe. Usiku nilizimwaga kitandani nikazihesabu: 14. Tisa nimezivaa siku moja tu, na mbili nilizikopea kwenye kikoba. Nitalisema hili hata kama Jumapili mtaninunia: sare imegeuka kodi. Yupo dada anayekosa harusi ya ndugu yake wa damu kwa kuwa hana hela ya kitambaa na ya fundi, naye anatuma ujumbe kwamba anaumwa.

Sasa tumsome yule tajiri wa Luka. Hakuiba, wala hakumdhulumu kibarua, na Yesu hamshtaki kwa lolote kati ya hayo. Shamba lake lilizaa sana mpaka akakosa pa kuweka mavuno, basi. Lakini msikilizeni anavyoongea: mavuno yangu, ghala zangu, nafaka yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Hata ushauri anajiomba mwenyewe na kujijibu mwenyewe. "Nifanyeje?" anauliza, na hakuna mke, mtoto wala jirani anayemjibu. Sisi tunaojua mavuno ya kahawa yanavyojadiliwa mpaka na mashangazi tunaona haraka kwamba mtu huyu ana upungufu, na si wa ghala. Wa kwanza kumkatiza maneno ni Mungu, tena kwa swali: "Na vitu ulivyojiwekea tayari vitakuwa vya nani?"

Kwa hiyo sidhani somo hili linatutaka tuhesabu vitu. Vijana wetu wananionyesha kwenye simu nyumba nyeupe zenye kiti kimoja na ua moja, wanasema ndiyo maisha ya kisasa, kuishi na vichache. Sawa. Ila mwenye nyumba ile akikosa kitu leo, kesho atakinunua. Jirani yangu wa Majengo alipanga makopo matupu ya rangi ukutani mpaka njia ikawa nyembamba, nami sithubutu kumwita mchoyo, kwa sababu mvua ikinyesha yeye ndiye mwenye maji ya kugawa. Katika usharika wetu wapo wasiohitaji kabisa kuhubiriwa wapunguze. Walishapunguziwa.

Bibi yangu kule Kibosho alikuwa na kitu kimoja kikubwa, sufuria ya kupikia ya watu mia. Sikumbuki kuiona ikikaa kwake wiki nzima. Ilikwenda msibani, ikapita ubarikio, ikalala kwa watu wawili watatu njiani, ikarudi na masizi ya kuni za wenzake. Aliisugua kwa majivu na kuinamisha ukutani, na kabla haijakauka mtu alishapiga hodi. Ilikuwa yake, kila mtu alijua. Leo ukipanda Kibosho mwezi wa tatu utapita mageti makubwa yaliyofungwa, nyumba za vigae ambazo taa zake huwaka wiki mbili za Desemba. Simzuii mtu kujenga kwao, kihamba, shamba la ukoo, ni kihamba. Ila huwa napita pale nikijiuliza nani ana ufunguo.

Rahisi kuuliza habari za mageti ya wengine. Alhamisi jioni, sanduku la sare likiwa bado kitandani, jirani yetu mpya alibisha hodi. Ana ugeni wa kuja kutoa posa, akaomba sufuria kubwa. Nikasema ipo, ingia. Nikaanza kutoa maboksi moja baada ya jingine, yeye amesimama mlangoni na kitenge begani. Ilikuwa chini kabisa. Niliinunua miaka mitatu iliyopita, na bado ilikuwa ndani ya nailoni yake, karatasi ya dukani imebandikwa kwenye mfuniko.

Akaitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, kumbe ni mpya kabisa? Hapana, hii si ya kuazima. Nisije nikakuunguzia bure. Ngoja nikaulize kwa mama wa pale kona."

Akaaga kwa heshima zote, akatoka. Nikabaki nimeinama juu ya ile sufuria kama yule mgeni wa getini. Kisha nikachana nailoni, nikabandua karatasi kwa kucha, haikutoka yote, nikajitwika sufuria hivyohivyo na kumfuata njiani kabla hajafika kona.