Tulivyovuka Blake Sea

Ujumbe wa Nahodha ulikuwa mfupi: "Kesho tunavuka. Njoo mwepesi." Mtu asiyeijua Second Life angedhani anazungumzia mizigo. Mimi nilijua anazungumzia viatu vyangu.

Ilikuwa mwaka 2011. Dunia hiyo ya mtandaoni, ambayo kampuni ya Linden Lab iliyoasisiwa na Philip Rosedale iliifungua kwa umma mwaka 2003, ilikuwa na kila njia ya kumfikisha mtu aendako bila jasho. Ukitaka kupaa, unabonyeza kitufe unapaa. Ukitaka kwenda mbali, unachagua mahali kwenye ramani, skrini inakuwa nyeusi kidogo, umefika. Kwa hiyo anayeamua kuvuka bahari ya kule, kama hii ya Blake Sea, kwa tanga, akibisha huku na huku dhidi ya upepo, anafanya hivyo kwa ukaidi tu, na wakaidi wa namna hiyo walikuwa wengi. Walikuwa na vilabu, mashindano, bandari, na ugomvi wa kweli kabisa kuhusu nani alimziba nani upepo.

Nahodha alikuwa mmoja wao. Avata yake, yaani umbo lake la kule, ilikuwa paka mrefu anayesimama kwa miguu miwili, mwenye masharubu meupe na koti la bluu. Siku tulipokutana niliona anaandika Kiswahili, nikamwandikia shikamoo kwa kubahatisha. Paka akajibu marahaba papo hapo, na tangu hapo adabu ikabaki hivyo.

Sasa viatu. Ardhi na bahari za kule zimekatwa miraba, kila mmoja mita 256 kwa 256, na kila mraba unaendeshwa na programu yake peke yake kwenye seva. Kwa macho ni bahari moja isiyo na mshono. Kwa kompyuta ni nchi jirani zenye mpaka. Boti inapotoka mraba huu kuingia ule, kila kilichomo, yaani boti yenyewe, tanga, abiria, mavazi yao na kila programu ndogo inayoendeshwa ndani ya vitu hivyo, hufungwa na kukabidhiwa kwa seva ya pili, kisha hufunguliwa upya, na yote hayo hufanyika huku wewe uko mwendoni. Mwenye vitu vingi hukwama mpakani. Na viatu vya wakati ule vilikuwa na programu ya kubadili rangi, programu ya kubadili ukubwa, hata programu ya kutoa mlio wa hatua. Nywele ndiyo balaa. Nywele moja ilijengwa kwa vipande vingi sana, na kila kipande kilibeba programu yake ya kupunguza au kuongeza ukubwa, kazi ambayo mtu huifanya mara moja akishanunua, basi. Programu zenyewe zilibaki humo zikitembea nawe kila uendako.

Nikavua viatu, nikavua nywele, nikabaki na upara. Koti sikuvua. Lilikuwa koti jeusi la baharini lenye vifungo vya shaba, halina programu hata moja kwa sababu lilikuwa mchoro tu uliobandikwa juu ya mwili, na nilikuwa nimepoteza jioni nzima kulilinganisha na suruali hadi mstari wa pindo ukakutana na mstari wa mfuko. Watu wanaocheka jambo hili hawajawahi kukaa mbele ya kioo kisichowaharakisha.

Upande wa huku kwenye meza, maandalizi yalikuwa ya aina nyingine. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa na tabia ya kupata joto, feni ikivuma kwa sauti inayopanda taratibu hadi unashindwa kusikia chochote kingine. Niliiweka juu ya vitabu viwili, kila kimoja upande wake, ili hewa ipite chini. Nilifunga kila dirisha nisilolihitaji. Programu endeshi ilitangaza kwamba ina masasisho muhimu na ingependa kujizima na kujiwasha, nikaiambia baadaye. Ikakubali kwa namna yake, yaani ilirudi kuuliza tena wakati tunang'oa nanga.

Boti ya Nahodha ilikuwa ya watu wawili. Yeye alikaa tezi, yaani nyuma, akishika usukani na kuvuta demani, kamba ya tanga, yote kwa mishale ya kibodi, na tanga lilipanda kwa neno moja aliloliandika kwenye kisanduku cha kuchatia. Kazi yangu ilikuwa kuegemea nje ya ubavu ili boti isilale sana: mshale wa kushoto unaegemea kushoto, wa kulia unaegemea kulia. Kazi nyepesi, ukiwa na kibodi yenye afya. Kibodi yangu ilikuwa na mshale wa kushoto unaokwama. Ukiubonyeza unashuka, halafu unatafakari kwanza kabla ya kupanda.

"Egemea kulia, kijana."

"Naegemea, Nahodha."

"Huko ni kushoto."

Nikawa nang'oa kile kitufe kwa ukucha kila tunapobisha. Hata hivyo tulikwenda. Mipaka ya mwanzo tuliivuka vizuri, kwa kishindo kidogo tu, picha ikisimama kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha ikiendelea. Kulikuwa na sauti ya maji yanayopasuka omo, mbele ya boti, na povu jembamba likibaki nyuma yetu. Huwezi kuhisi upepo wa kule usoni, lakini unauona kwenye tanga: likilegezwa mno linapiga piga, likivutwa mno boti inalala na mwendo unapungua, na kati ya hapo pana sehemu moja ambapo kila kitu kinatulia na namba ya mwendo inapanda yenyewe. Nahodha aliipata sehemu hiyo kila mara bila kuitafuta. Mimi nilikuwa nikiangalia namba tu, nikifurahi kama yangu.

Tukiwa katikati, ufukwe wa tulikotoka umeshafutika na wa tuendako haujachorwa bado, Nahodha akaandika: "Mwezi huo, umeuona?"

Kwangu ilikuwa mchana wa jua kali. Siku ya kule huzunguka kwa saa nne, saa tatu za mwanga na moja ya giza, lakini kila mtu anaweza kuliamuru jua kwenye skrini yake mwenyewe, liwe adhuhuri au usiku wa manane, bila mwenzake kujua. Nilikuwa nimelifunga langu adhuhuri ili nione vizuri. Tulikuwa tumekaa hatua mbili mbali ndani ya boti moja, yeye usiku, mimi mchana. Nikaingia kwenye menyu, nikarudisha saa za dunia ile, bahari yote ikawa rangi ya wino, na kweli mwezi ulikuwepo, mkubwa kupita kiasi, umekaa juu kidogo ya mlingoti.

"Nimeuona, Nahodha."

Sikumwambia nimeufuata kwenye menyu.

Usiku ulikuwa mzuri, lakini usiku ulituficha kona. Wasafiri wa kule huambiana: vuka mpaka ukiuelekea moja kwa moja, usivuke kwenye kona, mahali miraba minne inapokutana, kwa sababu boti inaweza kukabidhiwa kwa seva ya pili na papo hapo ikatakiwa na ya tatu kabla ya pili kumaliza kuipokea. Upepo ulitusukuma hapo hapo. Boti ikasimama. Kisha ikaanza kwenda mbele peke yake, mstari mnyoofu, omo ikizama polepole chini ya maji, tanga likiwa bado limejaa upepo. Hiyo si ajali. Ni kompyuta yako inakisia. Habari za seva zikichelewa, programu iliyoko mezani kwako haisubiri, inaendeleza mwendo wa mwisho ilioujua hadi isahihishwe. Sahihisho likaja. Boti ikarudi juu na Nahodha wake. Mimi nikabaki chini.

Maji ya kule hayamzamishi mtu. Avata haihitaji pumzi, na sakafu ya bahari unaikanyaga kama barabara. Nilisimama pale na koti langu kavu kabisa, vifungo viking'aa. Mtu fulani alikuwa amepanda matumbawe na majani marefu yanayopepea, kazi ya mikono ya kweli, kwenye sehemu ambayo boti zote hupita juu yake bila kuiona. Alikuwa hata ameweka jahazi lililovunjika, na ndani ya jahazi akaweka mtungi, na mtungi ameuchora nyufa. Nikazunguka kuutazama pande zote. Nahodha akaandika:

"Uko wapi?"

Nikataka kumjibu, lakini kabla ya hapo nikataka kutembea, na kisanduku cha kuchatia kilikuwa bado wazi. Kwa hiyo kibodi yote iliyokusudiwa miguu ikaenda mdomoni. Wote waliokuwa karibu, kama walikuwepo, walisoma: "wwwwwwwwwwww".

"Umeniambia nini?"

"Niko chini, Nahodha. Naona mtungi."

"Kwenda tezi na omo," akaandika paka, "marejeo ni ngamani. Pokea mwaliko huu urudi."

Mwaliko wa kuhamishwa ukatokea kwenye skrini, nikabonyeza, giza, kisha nikawa juu ya maji kando ya boti. Nikabofya kiti, nikakaa. Nilimweleza habari za mtungi. Aliniambia amepita hapo mara nyingi na hakujua. Nikafurahi kuwa na kitu ambacho mzee wa bahari hakuwa nacho.

Baada ya hapo feni ndiyo iliyoongoza safari. Ilianza kuvuma, ikapanda, na prosesa ikafanya kile ambacho prosesa zote hufanya zikichemka: ikapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Matokeo yake yako machoni. Bahari iliyokuwa ikitiririka ikawa picha, halafu picha nyingine, halafu subira, halafu picha. Nilipunguza umbali wa kuona, visiwa vikafutika. Nilizima vivuli, nikazima mng'ao wa maji, na bahari ikawa bati la bluu. Bado feni ilipanda. Niliinua kompyuta kwa mikono yote miwili na kuishikilia hewani juu ya vile vitabu, jambo ambalo lilisaidia, lakini sasa nani angebonyeza mshale? Nikajaribu kwa kiwiko.

"Kulia, kijana. Kulia sana. Naona mnara wa taa."

Mnara ukatokea hata kwangu, kijivu kwanza, bila rangi, halafu mistari myekundu na myeupe ikaanza kujitokeza kutoka chini kwenda juu. Mstari mwekundu wa tatu ulikuwa unakaribia kukamilika skrini ilipokuwa nyeusi. Si weusi wa kuhama. Weusi wa mashine iliyojizima. Chumba kikawa kimya ghafla na nikasikia jinsi feni ile ilivyokuwa na kelele.

Niliiacha ipoe hadi chini yake pakashikika. Ilipowaka, programu endeshi iliona hiyo ndiyo nafasi yake, ikaweka masasisho yake yote, asilimia moja baada ya nyingine, ikinisihi nisiizime. Nilikaa nikitazama kile kiduara kinazunguka huku nikijua kwamba mahali fulani mtu mzima ameniwekea boti gatini.

Nilipofanikiwa kuingia tena, nilijikuta chini ya maji kwa mara nyingine, mahali nilipokatikia, na Nahodha alikwisha kuondoka. Kulikuwa na ujumbe wake, mmoja juu ya mwingine. Umeanguka? Bado sioni. Basi nimefunga kamba. Nimekusubiri. Pole na kompyuta. Naenda kulala, safari njema ilikuwa. Na mwishowe: picha hii nilipiga tulipokuwa katikati.

Nikafungua picha. Mwezi ulikuwepo, juu ya mlingoti kama nilivyouona. Tanga limejaa. Paka yuko tezi, masharubu yanang'aa. Na kwenye kiti cha ubavuni, nilipotakiwa kuwa mimi na koti langu na vifungo vyangu vya shaba, palikuwa na wingu la moshi.

Siku zile kompyuta yako ndiyo iliyounganisha ngozi, suruali na koti kuwa picha moja na kuipeleka kwenye seva ili wengine wakuone. Kama haikumaliza kuipeleka, wewe unajiona umevaa vizuri, wenzako wanaona moshi. Kompyuta yangu, iliyokuwa inachemka tangu mwanzo, ilikuwa imenivalisha kwa ajili yangu peke yangu.

Tulipokutana tena nilimuuliza mbona hakuniambia, safari yote ile.

"Nilidhani ndivyo ulivyoamua kuvaa," akajibu. "Mimi mwenyewe paka. Naanzaje kukuuliza?"