Mwenyekiti hakuitwa

Jumapili baada ya isha niliitwa kwenye daka la nyumba moja Langoni, hapa Lamu. Nikakuta wajumbe sita wa kamati yetu ya wenye mashua, kahawa imeshamiminwa, na daftari la kumbukumbu li juu ya mkeka likinisubiri mimi katibu. Mwenyekiti hayupo. Nikauliza kama yuaja.

"Twataka kumzungumza yeye," akasema mmoja wa wazee. "Akaeje hapa?"

Shida ni mashine ya boti iliyonunuliwa kupitia kwa mpwa wa mwenyekiti. Risiti nimeiona, haina nambari wala muhuri. Malalamiko yana uzito, na sitaki mtu afikiri namtetea.

Nikafungua ukurasa wa mahudhurio. Una safu tatu: waliohudhuria, waliotoa udhuru, na wasiofika bila udhuru. Jina la mwenyekiti niliandike wapi? Udhuru hakutoa. Nikiandika kwamba hakufika, nitakuwa nimemzulia, maana hakuambiwa kuna kikao. Kalamu ikasimama hapo.

"Ami," nikasema, "kikao hiki siwezi kukiandika."

Wakanijibu kwamba tuko tisa, akidi, yaani idadi inayotosha kufanya kikao, ni watano, nao wamefika sita. Ni kweli. Lakini katiba yetu inataka kila mjumbe apewe taarifa siku saba kabla, na wingi wa waliokuja hauondoi haki ya yule ambaye hakuitwa. Azimio la usiku ule lingepingwa siku ya pili tu, na hiyo mashine isingejadiliwa tena kwa mwaka mzima. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Watu wengi huchanganya kiti cha mwenyekiti na haki yake ya kuwa mjumbe. Kuongoza ni kazi aliyopewa, na ajenda ikimgusa yeye mwenyewe inafaa ampishe makamu aongoze. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyetoa kitabu chake cha kanuni za mikutano mwaka 1876, analifundisha hilo. Lakini akiondoka kitini bado ni mjumbe. Uingereza mwaka 1878 mkurugenzi mmoja, Pulbrook, alizuiwa na wenzake kuingia kwenye vikao vya bodi ya kampuni ya madini. Akaenda mahakamani, na Jaji Jessel akawazuia kumfungia nje. Kumwomba mtu atoke kidogo wakati wa kura, kama katiba inaruhusu au mwenyewe ameridhia, ni jambo jingine kabisa. Huyo ameitwa, amesikia anachodaiwa, na amejibu.

Tulibishana hadi kahawa ikapoa. Mzee mmoja alikasirika, akaondoka bila kuaga. Sikuandika kitu.

Jumatatu asubuhi nikaandika taarifa, ajenda ya tatu ikiwa "Ununuzi wa mashine, kikao kitaongozwa na makamu." Nakala ya mwenyekiti nikaipeleka mwenyewe. Nilimkuta pwani akikalafati nyufa za mashua, mikono imejaa mafuta ya papa. Akaisoma mara mbili.

"Nami nitapewa nafasi ya kusema?"

"Utapewa, ami. Kisha tutakuomba utupishe tukipiga kura."

Akanyamaza kidogo, akaomba kalamu, akatia sahihi ya kupokea. Doa la mafuta limebaki pembeni mwa karatasi. Tunakutana Jumanne ijayo, saa kumi alasiri, wote tisa.