Schoenberg Alipoandika Nyimbo za Kuimbika

Kwa wachache hapa Unguja wanaolijua jina la Arnold Schoenberg, mtunzi wa muziki kutoka Vienna, jina hilo huandamana na sifa moja tu, nayo ni ugumu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1920 alibuni utaratibu wa kuzipanga sauti zote kumi na mbili za piano katika mfuatano mmoja, bila ya sauti yoyote kuzitawala nyengine, na sikio lililolelewa kwa maqam, yaani mipango ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambalo huingoja ganuni, ala ya nyuzi nyingi, izunguke na hatimaye irudi ilipoanzia, hujihisi limenyimwa haki yake. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1901, aliandika nyimbo nane za ukumbini, za mapenzi na mzaha, na mimi naamini kwamba asiyezisikia hizo hajamjua.

Zinaitwa Brettl-Lieder, yaani nyimbo za jukwaa la starehe. Mashairi yake mengi yalitoka katika diwani iliyokusanywa na Otto Julius Bierbaum, aliyetaka washairi wa Kijerumani watunge maneno mepesi kwa ajili ya kumbi za starehe. Mwisho wa mwaka huo Schoenberg, akiwa ameoa karibuni na anahitaji riziki, alihama Vienna kwenda Berlin kuongoza muziki katika Überbrettl, ukumbi wa Ernst von Wolzogen. Kazi hiyo haikudumu, na nyimbo zenyewe hazikuchapishwa mpaka alipokwisha kufa.

Mtu wa taarab atazielewa upesi, kwa sababu zimejaa mafumbo. Katika mmoja wao, wenye maneno ya Hugo Salus, mwanamume mwenye upara anasimulia kwamba mpenzi wake ana paka mweusi mwenye manyoya laini, anayemkalia bibi huyo mapajani, na kila mwanamume anapokwenda kumtembelea humkuta ameshughulika na paka huyo. Msikilizaji aliyezoea kukaa ukumbini Ngambo, akipima kila ubeti unamlenga nani, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Katika mwengine, wa maneno ya Schikaneder, yule aliyemwandikia Mozart maneno ya opera ya Zumari ya Ajabu, moyo wa mwanamume unadunda kwa kuwaona wanawake, na kibwagizo chake ni "bum, bum, bum" tu. Schoenberg hakukionea haya kibwagizo hicho. Alikipa uzito na mwendo wake kama alivyofanya katika kazi zake kubwa. Na katika wimbo mwengine, "Nachtwandler", aliongeza filimbi ndogo, tarumbeta na ngoma pembeni mwa piano, ukawa muziki wa kutembea nao barabarani usiku.

Wapo wanaozitaja nyimbo hizi kama kibarua cha ujana kisichostahili kuhesabiwa. Siafikiani nao, na mfano wangu naupata hapa kwetu. Mwimbaji Makame Faki tulimjua katika safu ya kundi la taarab la Culture Musical Club, pamoja na ganuni, udi na akodiani, na tulimjua vile vile katika kidumbak, penye fidla, sanduku la besi, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa, ambapo wimbo ule ule wa taarab huongezwa kasi ili watu wacheze. Hakuna aliyesema kwamba mmoja kati ya hao wawili si Makame wa kweli.

Aidha, kibarua hicho kiliacha alama. Mwaka 1912 Schoenberg alitunga Pierrot lunaire, mashairi 21 aliyoombwa na mwigizaji Albertine Zehme, ambamo sauti ya mwanamke haiimbi wala haisemi, bali inapita katikati. Ni muziki mgumu, lakini anayezijua nyimbo za 1901 anamsikia humo msanii wa jukwaani, anayewatazama wasikilizaji wake usoni na kuwachokoza. Hata uzeeni, mwaka 1947, akiwa Marekani, aliandika katika barua kwamba hakuna alichokitamani zaidi ya watu kuzijua tuni zake na kuzipigia mluzi.

Anayetaka kuanza aanze na ule wa paka, na autafute ukiimbwa na mwimbaji anayejua kuchezesha maneno, si mwenye sauti kubwa tu. Kwa upande wangu, natamani mshairi wetu mmoja autie maneno ya Kiswahili, na mwimbaji wa kike aujaribu kwa fidla na udi, bila ya kuibadilisha tuni.