Namna tulivyopunguza vidonda vya mafuta ya korosho katika banda la kubangulia, Newala

Nimefanya kazi ya kubangua korosho, yaani kuvunja ganda na kutoa kokwa, wilayani Newala, mkoani Mtwara, kwa misimu mingi. Nilianza mezani kama mbanguaji, nikawa msimamizi wa banda la kukatia, na baadaye wenzangu wakanipendekeza niwe mwakilishi wao wa usalama na afya. Kiwanda chetu ni kidogo, na karibu wafanyakazi wake wote ni wanawake. Ninataka kueleza namna tulivyofanikiwa kupunguza kwa kiasi kikubwa vidonda vinavyosababishwa na mafuta ya ganda la korosho, kwa sababu katika sehemu nyingi za Mtwara na Lindi vidonda hivyo vimehesabiwa kuwa ni alama ya kazi, kana kwamba mwanamke anayetaka fedha ya korosho hana budi kukubali kuchunika vidole. Mimi siamini hivyo, na yaliyotokea bandani kwetu yamenithibitishia kwamba si lazima iwe hivyo.

Asiyewahi kubangua huiona korosho ikiwa imeshamenywa, nyeupe na tamu, wala hajui imetoka katika ganda la namna gani. Kati ya ngozi ya nje na ngozi ya ndani ya ganda hilo kuna tabaka lenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, na vitundu hivyo vimejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia. Sehemu kubwa ya mafuta hayo yakiwa mabichi ni asidi ya anakadi, na ndani yake imo pia kadoli, ambayo huwasha vikali zaidi. Mkorosho ni wa ukoo mmoja na mwembe, na yeyote aliyewahi kubabuka midomo kwa utomvu wa embe bichi ameonja kwa uchache kile anachokipata mbanguaji kutwa nzima. Mafuta yakigusa ngozi huacha kwanza doa la njano au la kahawia, kisha ngozi huwa nyeusi, hukakamaa, hupasuka na kubanduka, na wengine hutokwa na malengelenge. Mtu akijifuta jasho la uso kwa mkono ule ule, kope huvimba. Wapo pia ambao, baada ya kugusana na mafuta haya kwa muda, miili yao huyakataa kabisa, hata tone dogo likatosha kuwavimbisha uso, na hao hawawezi kupumzika siku mbili kisha wakarudi kwenye meza ile ile.

Jambo ambalo kila mtu hulifikiria kwanza ni glovu, na mwenye kiwanda alikuwa amekwisha kuzinunua. Zilikuwa glovu nyembamba za mpira wa asili, kama zile za zahanati. Mpira wa asili hauhimili mafuta: huvimba, hulainika, hunata, kisha hupasuka, na mafuta yaliyopenya hubanwa kwenye ngozi yenye jasho kwa saa nyingi. Wanawake waliziacha, wakaitwa wabishi. Niliona haifai kuwahutubia tena, nikaamua kukaa nao meza baada ya meza na kuwasikiliza. Bibi mmoja, mkongwe wa kazi hii kuliko sisi sote, aliniambia, "Mwanangu, mimi nalipwa kwa kilo. Nikivaa hizi, kidole hakilisikii kokwa, kilo zinapungua. Jioni nitawapa nini wajukuu?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, lakini maneno yake yalinionyesha pa kuanzia. Kinga inayompunguzia mtu chakula haitavaliwa, hata ikibandikwa mabango ukutani. Ilibidi tutafute njia ya kuyapunguza mafuta kabla hayajaufikia mkono, kisha tuyashughulikie malipo, na glovu zije baada ya hayo.

Kwetu korosho ghafi huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke wa boila, yaani tangi la kuchemshia maji, hutandazwa zipoe, kisha hukatwa kwa mashine ya mkono yenye kanyagio. Mkataji huiweka korosho kati ya visu viwili vilivyochongwa kwa umbo lake, hukanyaga, huvuta mkono wa mashine, na ganda hufunguka. Mwenzake huchokoa kokwa kwa kisu kidogo chenye ncha. Njia nyingine, ya kuzipitisha korosho katika mafuta ya moto, hutoa sehemu ya mafuta ya ganda kabla ya kukata, lakini njia ya mvuke huyaacha mengi humo humo, na mkataji ndiye anayeyapokea. Korosho ikipoa vizuri na unyevu wa mvuke ukatoka, ganda huwa kavu na kakamavu, hukatika mara moja, na kokwa huachana nalo bila shida. Ikikatwa ingali na joto na unyevu, ganda hubonyea, visu huliponda badala ya kulikata, na mafuta hububujika juu ya vidole, juu ya mashine na juu ya kokwa lenyewe.

Wabanguaji walilijua hilo siku nyingi. Walikuwa wakisema, "Leo wametuletea za maji," na kila mtu mezani alielewa kwamba siku hiyo mikono itaungua. Nilichofanya ni kuliweka jambo hilo katika maandishi. Kwa kila beseni niliandika saa ambayo korosho zilitoka kwenye boila, saa ambayo zilifika mezani, mahali zilipotandazwa, na wingi wa kokwa zilizochafuka au kuvunjika. Baada ya muda daftari lilionyesha wazi kwamba zile zilizorundikwa sakafuni kwa unene, hasa siku za mvua ambapo hewa ya uwanda huu wa Makonde hujaa unyevu, ndizo zilizotoa mafuta mengi na ndizo zilizotoa kokwa mbaya.

Nilimpelekea tajiri daftari hilo na kumwomba tulisome pamoja. Katika biashara ya korosho kokwa nzima na nyeupe ndizo zenye bei. Daraja la W320, kwa mfano, ni kokwa nzima za ukubwa ambao takriban 300 hadi 320 hufanya ratili moja. Kokwa likipakwa mafuta ya ganda au likavunjika, hushuka daraja, na hakuna kazi ya baadaye itakayolirudishia thamani yake. Kwa hiyo mafuta yaliyokuwa yakiwaunguza kina mama ndiyo yaliyokuwa yakimtoa yeye fedha mfukoni. Alisita, kwa kuwa kuzipoza korosho kwa muda mrefu zaidi kunahitaji nafasi kubwa na shehena ya siku moja zaidi inayosubiri bila kuuzwa, na kwa mwenye mtaji mdogo hilo si jambo jepesi. Tulikubaliana tujaribu kwa sehemu moja ya banda. Fundi seremala wa hapa hapa alitutengenezea vichanja vya mbao vyenye wavu, vilivyoinuliwa kutoka sakafuni na kuwekwa chini ya paa penye upepo, na korosho zikawa zinatandazwa kwa tabaka jembamba, zikilala usiku kucha na kuendelea kukaa hadi ganda liwe kavu kweli. Meza zilizohudumiwa na vichanja hivyo ziliacha kulalamikia "za maji", na wabanguaji wa meza nyingine wakaanza kudai vichanja vyao. Tangu hapo sikuhitaji kumshawishi tajiri tena.

Suala la maji lilitusumbua kuliko yote. Anayeifahamu Newala anajua shida ya maji ya uwanda huu, ambapo watu wamezoea kukinga maji ya paa wakati wa masika na kuyanunua kwa ndoo wakati wa kiangazi. Kumwambia mbanguaji anawe kwa maji mengi na sabuni kila baada ya muda ni ushauri unaoufaa mji wenye bomba. Isitoshe, maji matupu hayayaondoi mafuta haya. Wengine walikuwa wakijisafisha kwa mafuta ya taa, ambayo kweli huyeyusha uchafu, lakini huiondolea ngozi mafuta yake ya asili na kuifungulia mlango sumu iliyobaki, na mikono yao ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi. Tuliyapiga marufuku bandani.

Utaratibu tulioufuata ulitokana na mambo ambayo kina mama wenyewe walikuwa nayo. Kabla ya kuanza kazi, mkono hupakwa mafuta ya nyonyo au ya nazi, ili mafuta ya ganda yasishike moja kwa moja kwenye ngozi. Wakati wa mapumziko mtu hujifuta kwanza kwa kitambaa kikavu na majivu yaliyochekechwa, ambayo hunyonya mafuta mengi. Kisha hujipaka mafuta ya kula kidogo na kuyafuta, kwa kuwa mafuta huondolewa kwa mafuta. Mwisho huja sabuni na maji, na kwa kuwa uchafu mwingi umeshatoka, maji machache yanatosha. Majivu hayaachwi mkononi kwa muda mrefu, maana nayo hukausha ngozi na kuipasua. Tuliweka tangi la kukingia maji ya paa la banda, na maji hayo tukayatenga kwa ajili ya mikono na macho peke yake. Nguo za kazi hubaki kiwandani, kwa sababu mama anayerudi nyumbani na kanga yenye mafuta humpelekea mtoto wake mgongoni ugonjwa ambao hakuuomba.

Ndipo tuliporudi kwenye glovu. Tulipata glovu za nitraili, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, ambazo huhimili mafuta kuliko mpira wa asili, na chini yake kila mmoja akavaa glovu nyepesi ya pamba ya kunyonya jasho. Mkataji anazivaa mikono yote miwili bila shida. Mchokoaji anahitaji vidole vinavyohisi, kwa hiyo kwake tulichagua zile nyembamba zinazobana, na tukakubaliana zibadilishwe zikitoboka, bila mtu kuulizwa amezitumiaje. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi, na inamtaka mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi wa usalama na afya. Niliisoma sheria hiyo pamoja na wenzangu katika kikao, kwa sababu wengi walidhani mimi nawaombea hisani.

Malipo yalichukua muda mrefu zaidi, na hapo sitasema tulipata kila tulichotaka. Tuliomba mambo matatu: muda wa kujifuta na kunawa uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi; sehemu ya ujira iwe ya siku, isiyotegemea kilo; na mtu ambaye ngozi yake imekataa mafuta ahamishiwe kwenye kumenya ngozi nyembamba ya kokwa au kuchambua madaraja bila kupunguziwa kipato. La kwanza lilikubaliwa mara moja. La pili lilikubaliwa kwa kiasi kidogo. La tatu lilikubaliwa baada ya mabishano, na kwangu lina uzito kuliko yote, maana bila hilo mgonjwa huficha mikono yake ndani ya kanga hadi vidonda vioze.

Mwenzetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa akivimba uso na mikono kila aliporudi kwenye meza ya kukatia. Kila alipokwenda kutibiwa aliandikiwa ugonjwa wa ngozi, akapewa mafuta ya kupaka, akarudi kazini. Safari iliyofuata nilimsindikiza, nikamweleza daktari kwa utaratibu kazi anayoifanya, kitu anachokigusa, na jinsi anavyopata nafuu akikaa nyumbani. Daktari alisikiliza na kuyaandika hayo yote kwenye cheti. Maandishi hayo ndiyo yaliyofungua mlango wa kudai fidia, kwa kuwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haihusu ajali tu, bali pia magonjwa yanayotokana na kazi, na ugonjwa wa ngozi unaosababishwa na vitu vya kazini umo hata katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na michango yake hutolewa na mwajiri, haikatwi kwenye ujira. Kwa hiyo ninamwambia kila mbanguaji anayekwenda zahanati: taja kazi yako kabla hujaulizwa, na uombe iandikwe.

Yapo mengine bandani ambayo nitayataja kwa ufupi: geji ya kupimia nguvu ya mvuke na valvu ya kuupunguza kwenye boila hukaguliwa na mtu mwenye sifa, na hakuna anayeruhusiwa kuifunga valvu kwa waya ili nguvu ya mvuke iongezeke. Maganda yanayochomwa kuendeshea boila hutoa moshi mkali, kwa hiyo bomba la moshi liliinuliwa na wachochezi wa moto wakapewa zamu fupi.

Kinachonihangaisha sasa ni wanawake wanaobangua majumbani. Wao hukaanga korosho juu ya bati lililotobolewa hadi maganda yashike moto, mafuta yakiruka na moshi ukiwaingia machoni na kifuani, na hawana mwajiri wa kudaiwa kitu chochote. Tumeanza kuwatembelea kwa kupitia vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Tunawaomba wakaangie nje, wakae upande upepo unakotoka, watoto wawe mbali, mikono ifunikwe hadi kiwiko, korosho zizimwe na kupozwa kwa majivu kabla ya kugongwa, na maganda yasitumiwe kamwe kuwa kuni za jikoni. Kikundi kimoja kimekubali kutengeneza vichanja kama vyetu kabla ya msimu ujao, na seremala yule yule amekubali kulipwa kwa awamu.